Mbunge Ni wa Nani?

MWANDAMANAJI: Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupigia Mswada wa Fedha kura ya ndiyo, 106 wakaukataa. Saa hizohizo tulikuwa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret tukisema hatuutaki. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hautii sahihi kwa kuwa wananchi wamesema hawautaki. Sasa niambieni, kama Rais alisikia, wale 195 walikuwa wamesikia nini? Mbunge huenda nyumbani kila wikendi. Anajua bei ya unga. Mbona kilio kilichosikika Ikulu hakikusikika kwa watu tuliowatuma mahsusi wakatusikilize?

MBUNGE WA ZAMANI: Mwanangu, umetoa hesabu nusu. Mswada uliopigiwa kura si ule uliowatoa watu majumbani. Kufikia tarehe 18 Juni, ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate ulikuwa umeondolewa, na ule wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari pia. Aliyesikia hapo ni nani kama si wabunge? Halafu unasema "wananchi". Waliokuwa barabarani walikuwa wengi, siwabezi, na waliouawa nawalilia mpaka leo. Lakini wapigakura waliojiandikisha mwaka 2022 walizidi milioni 22. Ni wapi walipokupa idhini ya kuwasemea?

MWANDAMANAJI: Hawakunipa, na sikuiomba. Nilijisemea mwenyewe. Mbunge ndiye anayenisemea hata pale anaposema kinyume changu. Na hesabu hiyo ya milioni 22 inakurudia, Mheshimiwa. Aliyeshinda urais alipata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49 ya kura halali, lakini chini ya thuluthi moja ya waliojiandikisha. Hakuvunja sheria, ndivyo uchaguzi ulivyo. Ila mtu asije baadaye akatuambia kwamba kila mswada wa serikali umetoka kifuani mwa Wakenya.

MAMA MBOGA: Ninyi mna hesabu za mamilioni, mimi nina fomu ya basari. Niliichukua ofisi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, mtoto alipokuwa anaingia kidato cha pili. Ukurasa wa kwanza ni majina. Wa pili, sahihi ya chifu na muhuri wa shule. Wa tatu wameacha mistari minne ueleze shida zako. Mistari minne! Nikaandika kwa herufi ndogondogo: mjane, watoto watatu, kibanda cha mboga, mvua ikinyesha siuzi. Karani akasoma, akaniuliza natoka kijiji gani na mzee wa kijiji ananijua. Baada ya wiki kadhaa hundi ikaenda shuleni, mtoto akabaki darasani. Mwaka huohuo, 2023, mbunge wetu alikubali VAT ya petroli itoke asilimia 8 hadi 16, na lori linaloniletea sukuma wiki alfajiri likapandisha nauli. Mtu mmoja huyohuyo. Alinilipia karo na akanipandishia gharama, nami nina kura moja ya kumjibia yote mawili. Nikimpigia, amesikia kwamba nimefurahia ushuru. Nikimnyima, amesikia kwamba sitaki basari.

MBUNGE WA ZAMANI: Hapo Mama amegusa penyewe, na ndipo ninapotaka kijana atulie kidogo. Tunayaita "mapenzi ya wananchi" kana kwamba yamehifadhiwa mahali, kazi ya mbunge ni kwenda kuyachota. Nilipokuwa bungeni nilifanya mikutano ambapo watu walewale, chini ya mwembe uleule, walidai barabara ya lami, zahanati yenye dawa, na ushuru upunguzwe. Sikuwaona wajinga. Kila ombi lilikuwa haki yao. Lakini lazima pawe na mtu wa kuketi mezani apange lipi litangulie na lipi lisubiri, halafu akubali kulaumiwa. Watu milioni 50 hawawezi kuketi meza moja.

MWANDAMANAJI: Alaumiwe na nani?

MBUNGE WA ZAMANI: Na waliomchagua.

MWANDAMANAJI: Lini?

MBUNGE WA ZAMANI: Kila baada ya miaka mitano. Unacheka, lakini nusu ya Bunge letu, wakati mwingine zaidi, hairudi baada ya uchaguzi. Wakenya ni wapigakura wakali.

MWANDAMANAJI: Sicheki. Nakubali kwamba tunawafukuza sana, na ndiyo maana nauliza kwa nini wanaoingia wanafanya yaleyale ya waliotoka. Fungua Katiba ya 2010 tusome pamoja. Ibara ya 103 inasema mbunge aliyeingia kwa tiketi ya chama akikihama, au akihesabiwa kwamba amekihama, kiti chake kiko wazi. Pindua ukurasa. Ibara ya 104 inasema wapigakura wana haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Ibara mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Ya kwanza inakipa chama rungu, ya pili inampa mwananchi. Rungu la chama linafanya kazi, kila mbunge anapoitwa na kiranja anajua liko wapi. La mwananchi halijawahi kumwondoa mbunge hata mmoja tangu Katiba ipite. Kwa hiyo mbunge akiwa na chama mkono huu na watu wake mkono huu, unadhani atamwogopa nani?

MBUNGE WA ZAMANI: Haki ya kumrudisha mbunge iliwekewa sheria, Sheria ya Uchaguzi ya 2011.

MWANDAMANAJI: Iliwekewa, na nani? Na haohao wa kurudishwa. Huruhusiwi kuanza kabla ya miezi 24 ya uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho. Ilikuwa lazima kwanza Mahakama Kuu imkute na kosa. Kisha ukusanye sahihi za asilimia 30 ya waliojiandikisha katika eneo bunge zima, na usipungukiwe na asilimia 15 katika zaidi ya nusu ya wadi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaona vifungu muhimu vya sheria hiyo vinakiuka Katiba. Bunge lilipaswa kuketi haraka liandike vingine vinavyofaa. Mswada wa kuongeza ushuru hupita kwa wiki kadhaa, Mheshimiwa. Huu wa kumrudisha mbunge umengoja miaka.

MAMA MBOGA: Mimi nikimwachia jirani kibanda niende hospitali, nikirudi nahesabu nyanya, nahesabu pesa. Nikikuta ameuza vibaya, kesho simwachii. Hatungoji miaka mitano.

MBUNGE WA ZAMANI: Mama, kibanda ni chako peke yako. Eneo bunge ni la watu laki moja na zaidi, na elfu arobaini kati yao hawakukuchagua na hawatakuchagua kamwe. Siku unapoapishwa, aliyeshindwa ameshafungua ofisi ng'ambo ya barabara. Mpe haki ya kukusanya sahihi wakati wowote, na eneo bunge hilo halitapata siku moja ya kazi, litakuwa kwenye kampeni tu, Januari hadi Desemba. Na katika nchi hii tunajua sahihi hizo zitakusanywa kwa kufuata ukoo gani na kabila gani. Masharti yale makali hayakuwekwa kwa uovu mtupu. Nilikuwapo tulipokuwa tukiyajadili, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli.

MWANDAMANAJI: Hofu ya kweli iliyozaa sheria isiyotumika.

MBUNGE WA ZAMANI: Ndiyo. Hilo siwezi kukukatalia.

MAMA MBOGA: Na hii ya kutoa maoni? Kila mara redio inasema Wakenya wameshirikishwa.

MBUNGE WA ZAMANI: Ibara ya 118 inalazimisha hivyo, Mama. Bunge lisiposhirikisha umma, mahakama inaweza kuitupa sheria. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 kwa sababu za namna hiyo.

MWANDAMANAJI: Na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikairudisha.

MAMA MBOGA: Nilikwenda mara moja. Kikao kiliwekwa saa nne asubuhi, saa ambayo wateja wangu wa hoteli wanachukua mboga. Nikamwomba binti wa pembeni aniangalizie, nikaenda. Karatasi zenyewe za Kiingereza, na si Kiingereza cha mtoto wangu shuleni, ni kile cha "kifungu kidogo cha pili kifutwe na badala yake kiwekwe". Kifutwe kipi? Kifungu chenyewe hakikuwa kwenye karatasi. Nikauliza swali la bei ya mafuta. Aliyeshika kipaza sauti akasema, asante mama, tumechukua. Nikaandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio na nambari ya simu. Basi nikawa nimeshirikishwa.

MWANDAMANAJI: Jina lako ndilo watakalolipeleka mahakamani kama ushahidi kwamba umma uliulizwa.

MBUNGE WA ZAMANI: Haya, natetea mfumo lakini sitetei kikao hicho. Mswada wa ushuru usomwe kwa Kiswahili na kwa lugha za watu, jioni, baada ya soko kufungwa, na majibu yarudi: hili tumelichukua, hili tumelikataa kwa sababu hii. Ni haki ya chini kabisa. Lakini mnataka kutoka hapo mruke mpaka wapi? Kwamba kila jambo waamue watu wenyewe? Kijana, wewe hukuwapo mwaka 1988. Mimi nilipanga foleni. Uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU ulikuwa wa mlolongo, hakuna sanduku, unasimama nyuma ya picha ya mtu wako. Mapenzi ya wananchi yalikuwa yamesimama juani, mtu yeyote angeweza kuyahesabu kwa kidole. Mistari mirefu ikatangazwa imeshindwa na mifupi imeshinda, sehemu moja baada ya nyingine, na nchi nzima ikaona kwa macho. Niliingia siasa kwa ajili ya siku ile. Kwa hiyo mtu akiniambia tuondoe wawakilishi tubaki na umati, namuuliza: umati utahesabiwa na nani?

MWANDAMANAJI: Sijasema tuwaondoe wawakilishi.

MBUNGE WA ZAMANI: Umesema mbunge atende kama watu wanavyotaka. Basi nikupe Tanzania. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali iwaulize Watanzania: chama kimoja au vyama vingi? Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakasema kibaki kimoja. Asilimia 20 hivi wakataka vingi. Tume ikapendekeza vingi, Katiba ikabadilishwa 1992, na 1995 watu wakapiga kura ya vyama vingi. Kwa kipimo chako, walio wengi walidharauliwa. Ungesimama upande gani?

MWANDAMANAJI: Upande wa tume, na siyumbi. Tanzania ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1965. Mtu aliyelelewa humo robo karne, ukimuuliza anataka nini, anakujibu kwa kile alichowahi kukiona. Lakini angalia tume ilifanya nini na wale 80. Haikuwanyima kitu. Waliokitaka chama chao walikipigia kura 1995, na kikashinda. Uamuzi ule uliwaongezea watu uwezo wa kuchagua, waliokuwa wengi na waliokuwa wachache. Wale 195 uamuzi wao ulimwongezea nani uwezo? Mbunge akinizidi busara ili kesho niwe na sauti kubwa zaidi, nitamshukuru hata nikikasirika leo. Akinizidi busara ili mkono wangu ufike mbali zaidi mfukoni mwa serikali, nitamshukuru pia. Sikuona hata kimoja.

MBUNGE WA ZAMANI: Kipimo kizuri. Sasa kitumie na pale kinapouma. Uswisi inasifiwa kwa kura za maoni, wananchi 50,000 wakitia sahihi ndani ya siku 100, sheria ya Bunge inapelekwa kwa watu. Mwaka 1959 wapigakura wake, ambao wote walikuwa wanaume, waliulizwa kama wanawake wapige kura ya taifa. Walio wengi wakakataa. Wanawake wakangoja mpaka 1971. Kenya ilishawapa wanawake wake kura tangu uhuru. Huo ndio umma ukiachiwa kalamu peke yake.

MAMA MBOGA: Na hapa kwetu mlipoachiwa kalamu ninyi? Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili bungeni. Miaka imepita. Miswada imeletwa, wabunge wakatoka nje wasitimie idadi ya kupiga kura. Jaji Mkuu Maraga akaandika Septemba 2020 kumshauri Rais alivunje Bunge kwa ajili hiyo. Halikuvunjwa. Wanaume wa Uswisi walau walikwenda kituoni wakasema hapana. Ninyi mlikwenda kunywa chai.

MBUNGE WA ZAMANI: Kweli tupu, na ni aibu yetu. Lakini niruhusu swali gumu, Mama, si la kukwepa. Mwaka 2022, katika maeneo bunge 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa wapatao 30. Nusu ya wapigakura ni wanawake. Bunge lenye wanaume wengi hivyo ni picha ya uwongo ya mapenzi ya wananchi, au ni picha ya kweli inayotuudhi?

MAMA MBOGA: Nitakujibu kwa nilichokiona. Katika wadi yetu alitaka kugombea mwanamke mmoja, mkunga, kila nyumba inamjua. Kabla ya mteule wa chama kupatikana alitakiwa awe na pesa za ada, za fulana, za vijana wa kubeba mabango, za kulala hotelini siku ya kuchukua cheti ili cheti kisiende kwa mwingine. Aliuza ng'ombe. Hakufika. Siku ya kura nikakuta majina manne, yote ya wanaume, nikachagua mmoja. Sasa utaandika kwamba Mama Mboga anapenda wanaume wamwongoze? Mimi nilichagua katika nilichopewa. Kabla ya kuniuliza nimemchagua nani, muulize aliyeandaa orodha.

MBUNGE WA ZAMANI: Na orodha huandaliwa na vyama.

MWANDAMANAJI: Tumerudi kwa chama tena. Anayeamua nani aingie kwenye karatasi ya kura ni chama, anayeweza kukutoa kitini ni chama, na anayegawa kamati ni chama. Katikati ya milango hiyo mitatu mwananchi ana mlango mmoja, unafunguliwa siku moja katika siku elfu moja mia nane na zaidi. Na usiniambie kuna wagombea huru. Wapo, na Katiba yetu inawaruhusu, tofauti na Tanzania ambako lazima uwe mwanachama wa chama. Lakini wahesabu bungeni uone wako wangapi.

MBUNGE WA ZAMANI: Bila chama hakuna bajeti itakayopita. Wabunge 349, kila mmoja na akili yake, kila mmoja na bei yake. Usisahau hilo la bei. Anayemwonea huruma mbunge asiye na chama hajawahi kuona wenye pesa wakitembelea ofisi za mbunge kama huyo.

MWANDAMANAJI: Na kwenye chama hawatembelei?

MBUNGE WA ZAMANI: Wanatembelea. Ila angalau unajua chama gani cha kukiadhibu. Tena usisahau kwamba uwakilishi si Bunge peke yake. Mwaka 2021 Bunge na mabunge mengi ya kaunti yalipitisha BBI, mswada wa kubadilisha Katiba. Majaji wakaizuia, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaifunga. Mfumo huu una breki.

MWANDAMANAJI: Mfano wako unanitisha badala ya kunituliza. Wawakilishi karibu nchi nzima walisema ndiyo, na waliotuokoa ni watu saba ambao hakuna Mkenya aliyewapigia kura. Na 2024 breki ilikuwa nini? Miili ya vijana. Halafu ngoja, hatukumaliza. Desemba mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria nyingine za ushuru, na baadhi ya yaliyokataliwa Juni yakarudi humo. Watu walikuwa wamezika. Kama hiyo ndiyo namna ya kuwasikiliza wananchi, mtu asishangae vijana wakisema kwamba hawaendi kujiandikisha.

MBUNGE WA ZAMANI: Hapo ndipo unaponikosea, wewe na wenzako. Usipojiandikisha, nani anafurahi? Mbunge anayejua kwamba kijijini kwake vijana hawapigi kura hahitaji hata kuwadanganya.

MAMA MBOGA: Hilo ni kweli, mwanangu. Mimi nitapiga. Lakini Mheshimiwa, usitumie kura yangu kumnyamazisha huyu. Kupiga kura na kupiga kelele nimezaliwa na haki ya vyote viwili.

MBUNGE WA ZAMANI: Simnyamazishi. Basi tushike jambo moja tuliandike. Ibara ya 119 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni, litungwe au lirekebishwe jambo katika sheria. Tuandike ombi la kuifufua Ibara ya 104. Mimi nilitunga sheria, naweza kusaidia lugha. Sahihi ziwe asilimia 30, hapo sishuki. Aliyeshindwa katika uchaguzi asiruhusiwe kuanzisha. Na siku ya kura, kura za kumtoa zizidi zile alizoingia nazo, ili kikundi kidogo chenye hasira kisiwapokonye wengi mtu wao.

MWANDAMANAJI: Asilimia 30 ni nyingi mno, lakini nitaimeza. Hilo la kura kuzidi alizoingia nazo ni la haki. Miezi 24 ya mwanzo?

MBUNGE WA ZAMANI: Iwe 12. Mtu apewe mwaka wa kujifunza kazi.

MAMA MBOGA: Na sababu? Anarudishwa kwa kosa gani?

MBUNGE WA ZAMANI: Wizi wa fedha za umma. Kutohudhuria Bunge. Rushwa. Lakini jinsi alivyopiga kura bungeni isiwe sababu, kwa hali yoyote ile. Mkiweka hiyo, hakuna mbunge atakayethubutu tena kusimama na walio wachache. Yule atakayetaka kuwatetea wakimbizi, au kabila dogo lililo ndani ya eneo bunge lake, atang'olewa mwezi huohuo. Wale 20 wa Nyalali hawatapata mtetezi.

MWANDAMANAJI: Lakini kura ndiyo kazi yake! Tutamrudisha kwa kutohudhuria, tumwache aliyehudhuria akatuuza? Kesho mia moja na tisini na watano wengine watafanya vilevile, na hakuna hata mmoja atakayekuwa ameiba au kutoroka kikao.

MAMA MBOGA: Na aliyepewa pesa apige kura hiyo?

MBUNGE WA ZAMANI: Hiyo ni rushwa, imo. Athibitishwe, aondoke.

MWANDAMANAJI: Na aliyepiga kwa kuogopa Ibara ya 103, akijua watu wake hawataki?

MBUNGE WA ZAMANI: Huyo utamthibitishaje mahakamani? Hofu haina risiti.

MWANDAMANAJI: Simpeleki mahakamani. Nampeleka kwa waliomchagua, awaeleze kwa nini. Wakiridhika, wamwache.

MBUNGE WA ZAMANI: Basi iandike iwe sababu ya nne, ndani ya mabano, na pembeni uandike kwamba mimi naipinga. Ombi likifika mbele ya kamati nitakuja niseme kwa nini.

MAMA MBOGA: Kwa Kiswahili. Na kikao kiwe baada ya saa kumi na moja jioni.